Mnauliza, Tunajibu: Kriketi ya kaunti ukiwa Mtwara

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Ni shabiki wa Somerset, naifuatilia ligi ya kaunti za Uingereza kwa simu. Mara nyingi nikifungua nakuta wako mapumziko. Tena kuna mechi tuliongoza kwa mikimbio zaidi ya 250, ikaisha sare! Inakuwaje?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Tuanze na saa. Msimu wote, Aprili hadi mwisho wa Septemba, wao wako nyuma yetu kwa saa 2. Mechi ya siku 4 inaanza saa 7 mchana wa Mtwara. Saa 9 wanakula, dakika 40. Saa 11:40 jioni ni chai, dakika 20, kisha wanacheza hadi saa 2 usiku, au zaidi kidogo kama ova 96 za siku (ova ni mipira 6) hazijatimia. Septemba giza huwahi kwao, hivyo huanza nusu saa mapema.

Sasa hiyo sare, maana ndiyo inayowaumiza wengi. Kuongoza hakutoshi. Kwa kawaida lazima uwatoe wapinzani mara mbili, wiketi 20, yaani wapigaji 10 kila zamu. Wakiwa 180/9 (mikimbio 180, wametolewa 9) jua linazama siku ya nne, hata uwe mbele kwa 250, ni sare. Ndiyo maana nahodha husimamisha zamu ya timu yake wakati bado inapiga: anaacha mikimbio ili warushaji wapate muda. Akichelewa, au mvua ikila nusu siku, ushindi umekwenda.

Kwa kanuni za 2025 ushindi ni pointi 16, sare 8. Za nyongeza zinapatikana zamu ya kwanza ya kila timu tu, ndani ya ova 110: mikimbio 250 inakupa 1, kisha 1 kwa kila 50 hadi 450. Warushaji wanapata 1 kwa wiketi ya 3, ya 6 na ya 9. Kwa hiyo ukiona 398/6 (110), yaani mikimbio 398 kwa wiketi 6 katika ova 110, timu yako imepata 3, na mikimbio miwili imeinyima ya nne. Ikifika 400 kwenye ova ya 111, haisaidii. Na (88.4) ni ova 88 na mipira 4, si desimali.

SWALI: Mbona Agosti naona majina nisiyoyajua?
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Mechi za siku 4 husimama, linachezwa kombe la ova 50, na nyota wengi wako kwenye The Hundred, mashindano mafupi ya mipira 100 kwa kila timu. Wafuatilie hao vijana. Baada ya hapo ligi inarudi, na inamalizika kabla ya minada ya korosho.

SWALI: Video inanimalizia bando. Nifanyeje?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Shinda na ubao wa matokeo wa maandishi, unakula bando kidogo tu. Video iweke 144p, uifungue ova ya 80 ikikaribia: hapo warushaji wanaruhusiwa mpira mpya, mgumu, unaopinda hewani, na wiketi mbili tatu zinaweza kuanguka haraka. Siku ya kwanza, timu moja ikipiga bila kutolewa yote na mvua isiponyesha, huwa kama saa 1 usiku.