Maswali na Majibu: Pikapu umeuza, kadi ya gari bado ina jina lako

Nina Hilux singo kebini, nimeitunza sana. Niuze bei gani? (Muheza)

Kila wiki swali hili hili! Ya mwaka gani? Dizeli au petroli? Imetembea kilomita ngapi? Ilikuwa inabeba machungwa au ilikuwa ya kwendea kazini tu? Bila hayo sina jibu. Na huko kuitunza kuonekane kwenye risiti za sevisi, si mdomoni.

Niipige rangi kwanza? (Makorora)

Hapana. Mnunuzi anayejua magari atajiuliza unaficha nini. Kwetu Tanga chumvi ya bahari ndiyo inayomaliza gari, nayo huanzia chini, kwenye chesisi na sakafu ya bodi. Ioshe vizuri kwa maji ya bomba, iache ionekane ilivyo. Wanaopaka oili chafu kufunika kutu wanamuuzia mwenzao ajali. Fikiria chesisi inakatika kwenye mteremko wa Lushoto, mzigo uko nyuma.

Mnunuzi anataka fundi wake aikague. (Pangani)

Mruhusu, lakini nenda naye.

Jirani yangu ana nusu ya pesa. Anaomba gari na kadi, atamalizia baada ya mavuno. Ni mtu ninayemwamini. (Raskazone)

Ndugu yangu, kadi usitoe. Faini za barabarani zinaandikwa kwa namba ya gari, na kwenye rekodi za TRA (Mamlaka ya Mapato) mwenye gari bado ni wewe. Akigonga mtu akakimbia, polisi watabisha hodi kwako. Mimi yalinikuta. Niliuza pikapu kwa mtu wa msikitini kwetu, tukapeana mikono tu. Miezi minane baadaye nikaitwa kituoni kueleza ajali ya Korogwe ambayo sikuijua kabisa. Kwa hiyo gari libaki uani kwako mpaka amalize. Andikeni mkataba wa mauziano kwa wakili, wenye tarehe ya malipo ya mwisho na nakala za vitambulisho vyenu vya taifa. Pesa zipite benki. Zikishaingia zote, hamisheni umiliki TRA siku hiyo hiyo. Kama kweli ni muungwana, hatachukia.

Dalali ana faida? (Pongwe)

Kama huna muda, anayo. Mpangie kamisheni mapema, na bei umtajie mnunuzi wewe mwenyewe, la sivyo dalali atapachika cha juu na wateja watakimbia.

Niliuza miaka miwili iliyopita, kadi haijabadilishwa na mnunuzi hapokei simu. (Ngamiani)

Chukua mkataba uende TRA. Hukuandika mkataba? Anzia polisi, leo.