Hana homa, anacheza: kwa nini dawa tatu?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 4 ana CGD, ugonjwa wa kurithi wa kinga. Anakunywa kotrimoksazoli na itrakonazoli kila siku. Sasa wanataka kumwongezea sindano za intaferoni gama mara 3 kwa wiki, na mtoto anacheza vizuri tu. Hatuwezi kupunguza moja?

JIBU: Mama, najua inavyochosha kumnywesha dawa mtoto asiyelalamika. Lakini mbili za kwanza nakusihi usiziguse.

Chembe nyeupe za mwanao humeza kijidudu kama za mtoto mwingine yeyote. Zinachokosa ni kimeng'enya cha kutengeneza kemikali kali za oksijeni za kukiulia, kwa hiyo kijidudu kinakaa mle ndani kikiwa hai. Kotrimoksazoli ina sifa ya kupenya ndani ya chembe na kukifuata hukohuko. Ila hiyo ni ya bakteria. Kwa ukungu (kuvu) wa Aspergillus, ambao ndio ninaouogopa zaidi, haifui dafu. Kuuzuia huo ni kazi ya itrakonazoli. Ukungu huu unaweza kuota mapafuni bila homa wala kikohozi, ndiyo maana kucheza kwake hakunitoshi.

Yenye mjadala ni ya tatu. Intaferoni haiui kijidudu, huchochea chembe za kinga. Utafiti wa wagonjwa 128 uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha inapunguza maambukizi makali kwa takribani theluthi mbili, lakini wapo madaktari wanaotosheka na zile mbili. Mimi ningeikubali. Huleta homa na kuumwa kichwa, kwa hiyo mchomeni usiku anapokaribia kulala, na muulize daktari wake kuhusu parasetamoli. Homa ikiendelea kesho yake, msiisingizie sindano, mpelekeni hospitali.

Itrakonazoli ya maji hunywewa tumbo likiwa tupu, ya kapsuli baada ya chakula. Ini lipimwe mara kwa mara, na asipewe dawa nyingine yoyote kabla hamjauliza, kwani hugongana na nyingi.

Mwepusheni na mboji, nyasi kavu na majani yanayooza. Akivuta vumbi la vitu hivyo, pigeni simu siku hiyohiyo hata akiwa mzima. Na ukijaliwa mtoto mwingine, apimwe CGD kabla ya kuchanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, maana chanjo hiyo ina bakteria hai.