Kahawa ya dripa ikiwa chungu, usipunguze kahawa

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nipo Arusha, nimenunua dripa, kile kifaa cha kuchujia kahawa kwa karatasi, na karatasi zake. Kahawa inatoka chungu mpaka ulimi unakauka. Jirani akasema nipunguze, nikatoka vijiko vitatu vya chakula hadi kimoja na nusu kwa kikombe kikubwa. Sasa ni chungu na nyepesi pia. Muuzaji ananiambia nitie chumvi. Maji yanachukua kama dakika sita kushuka. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rudisha vijiko vyako vitatu leo hii. Ushauri huo wa kupunguza nausikia kila wiki na umenichosha, maana watu wanachanganya ukali na uchungu. Kahawa kali ni ile iliyojaa kahawa. Uchungu wako ni wa kahawa iliyokamuliwa kupita kiasi: maji huanza kutoa uchachu na utamu, uchungu na ukakasi huja mwisho. Ukipunguza kahawa maji yakabaki yaleyale, chembe chache zinakamuliwa mpaka mwisho.

Kosa liko kwenye hizo dakika sita. Kikombe kimoja kisizidi tatu na nusu. Fungua karatasi uliyotumia usugue machicha kwa vidole. Naamini utakuta tope tupu, hakuna chembe. Huo ni unga wa dele, lile birika la kahawa ya mtaani. Kwenye dele unachemshwa, unatulia chini, na uchungu wake ndio anaoutaka mwenye kashata mkononi. Kwenye karatasi unaziba.

Chembe za dripa ziwe kama sukari ya dukani, au kubwa kidogo. Gramu 15 kwa maji gramu 250. Lowesha kwa gramu 30 au 40 za maji hayo, subiri nusu dakika kahawa iumuke, kisha mimina taratibu ukizungusha. Wala usingoje maji yapoe: kwa mwinuko wa Arusha yanachemkia kama nyuzi 95, yanafaa hivyohivyo.

Chumvi inauficha uchungu tu, kosa linabaki kikombeni. Aliyekuuzia dripa pamoja na unga wa dele, kisha akakupa dawa ya chumvi, amekukosea, nawe unaishi chini ya Meru ambako arabika nzuri inalimwa! Ninyi nyote mnaonunua kahawa iliyokwisha kusagwa, inayokaa wazi kwenye makopo ikipoteza harufu, acheni. Nunueni buni zilizokaangwa, ulizeni zimekaangwa lini, zisagwe mbele yenu. Na muuzaji akisema unga wake unafaa dele, dripa na mashine zote, tafuteni duka jingine.