Kabla Hujamuuzia Mteja Brazil

Wateja wangu wa kwanza wa Brazil niliwaharibia safari mwenyewe. Mume na mke, watu wazima wa Dar, walikuwa na siku tisa tu, nami kwa tamaa ya kuwafurahisha nikawapangia Rio, Iguaçu, Manaus na Salvador. Kwenye ramani ya ofisini palionekana karibu tu. Usiku mmoja, saa nane, simu ikaita. Ni yule mama mteja, yuko Manaus: "Mwanangu, sisi tumekuja kutembea au kulala viwanja vya ndege?"

Brazil ina kilomita za mraba milioni 8.5. Tanzania inaingia humo mara tisa. Kutoka São Paulo hadi Manaus ni kama saa nne angani, na bado hujavuka mpaka. Tena miji mingi haina ndege ya moja kwa moja kati yake. Unarudishwa São Paulo au Brasília kubadilisha. Siku hizi mteja mwenye siku kumi namuuzia vituo viwili, akibisha sana vitatu. Anayekwenda mara ya kwanza nampa Rio na Iguaçu. Iguaçu asilale usiku mmoja tu: upande wa Brazil unayatazama maporomoko kwa mapana yake, upande wa Argentina unatembea kwenye vidaraja hadi maji yakulowanishe. Ila viza ya Argentina ni nyingine, usiahidi kabla hujaulizia.

São Paulo ndipo nilipolipia ujinga wangu. Ndege ya kutoka Addis Ababa inatua Guarulhos. Ya ndani nilikuwa nimewakatia Congonhas, upande mwingine wa jiji, na katikati yake kuna foleni ambayo ya Ubungo ikasome. Tiketi zote ziliandikwa "São Paulo". Herufi za viwanja, GRU na CGH, sikuzitazama. Halafu mizigo: hata kama ina lebo ya mwisho wa safari, mteja huichukua uwanja wa kwanza anaoingilia nchini, anapita forodha, ndipo anaikabidhi upya. Mwachie saa nne za kuunganisha. Tiketi mpya nilizitoa mfukoni mwangu.

Wanyama usimpigie debe sana mtu aliyezaliwa jirani na Mikumi. Jagwa, mnyama anayefanana na chui, wa nyika ya majimaji ya Pantanal, peke yake ndiye anayestahili nauli hiyo, na hapo mpeleke kati ya Julai na Oktoba, maji yakiwa yamepungua. Kanivali huja kabla tu ya Kwaresima, kwa hiyo tarehe huhama kila mwaka, na siku hizo hoteli nyingi za Rio hukataa kuuza usiku mmoja mmoja. Chanjo ya homa ya manjano ipigwe siku kumi kabla. Wakirudi nyumbani kadi itaulizwa. Mteja Mwislamu mwambie mapema kwamba feijoada, ile maharage wanayoisifia, ina nyama ya nguruwe.

Salvador sikuipa uzito, niliiweka mwisho kama nyongeza. Mama ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Barabarani alimkuta mwanamke wa gauni jeupe akikaanga acarajé: kunde zilizosagwa, zinadumbukizwa kwenye mawese yanayochemka. Akaniletea habari: "Hizi si bajia zetu?" Mji huo ulikuwa makao makuu hadi 1763, na Waafrika wengi mno waliletwa hapo utumwani. Mtaa wake maarufu, Pelourinho, umebeba jina la nguzo ya kuchapia watu viboko. Watalii wengi hupiga picha za nyumba za rangi na kuondoka bila kuambiwa. Mtafutie mteja wako mwongozaji atakayemwambia.

Na kuna jambo ambalo wakala wa Ulaya hawezi kumpa mteja wake. Brazil ya Rio na São Paulo iko nyuma yetu saa sita kamili. Ikiwa saa tisa alasiri Dar, saa ya ukutani kule inaonyesha 9. Namba anayoisoma Mbrazil ndiyo unayoitamka wewe kwa Kiswahili. Ila ya Manaus unaiongezea moja. Ningemweleza mama hilo mapema, angeitazama saa ya hoteli inayoonyesha 7 ya jioni, akajua kwangu ni saa nane za usiku, akasubiri kukuche ndipo anigombeze.