Je, mfanyabiashara "hugeuka" mbunge?

SWALI: Ninafasiri maisha ya Oakes Ames, mwenye kiwanda wa Massachusetts aliyeingia katika siasa za Marekani karne ya 19. Nimeandika "mfanyabiashara aliyegeuka mbunge", lakini sikio langu linakataa. Je, nimekosea?

JIBU: Sikio lako halijakudanganya. Kitu kinachogeuka huacha hali yake ya awali: katika ngano zetu mtu hugeuka jiwe au nyoka, na rafiki aliyekugeuka si rafiki tena. Asomaye "aliyegeuka mbunge" ataelewa kwamba Ames aliiacha biashara, ilhali hakuiacha hata siku moja. Alikaa bungeni tangu 1863 hadi 1873, na muda wote huo kiwanda cha familia yake mjini Easton kiliendelea kutengeneza mabeleshi (au sepetu ukipenda; si koleo, ambalo kwa wasomaji wengi ni la kushikia makaa), huku yeye na nduguye Oliver wakitia fedha zao katika reli ya Union Pacific.

Kisa chake chote kimo humo. Aliwauzia wabunge wenzake, kwa bei ya chini, hisa za Crédit Mobilier, kampuni iliyokuwa ikilipwa kuijenga reli hiyo, na mambo yalipofichuka mwaka 1872 kamati ya uchunguzi ilipendekeza afukuzwe. Hapa pia chunga kitenzi chako: hakufukuzwa, bali Februari 1873 lilipitishwa azimio la kumlaumu, naye akafariki Mei mwaka huohuo. Kwa hiyo andika "mfanyabiashara aliyeingia bungeni", au "mfanyabiashara na mbunge", ambayo kwangu mimi ndiyo bora, kwa kuwa kiunganishi "na" kinabeba ukweli wote wa mtu huyu.

Ama neno "mbunge" lenyewe, si kosa, ila Bunge la Marekani lina mabaraza mawili, na Ames hakuwa seneta. Msomaji wa Unguja, aliyezoea kumtenganisha mwakilishi wa Baraza lake na mbunge aendaye Dodoma, angekuelewa mara moja ukisema "mwakilishi". Wa Kenya huenda akamfikiria mwakilishi wa wadi. Basi anapotajwa mara ya kwanza mwite "mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Marekani", kisha "mbunge" litatosha hadi mwisho wa kitabu.