Mbona nilinyamaza siku ile

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona tangu juzi, sijajibu sababu nilikuwa natafuta pa kuanzia. Umeniuliza mbona tulipofika kwenye ile bichi niliyowasimulia miaka yote nilikaa dakika kumi tu, kimya, afu nikasema turudi, kwani mmenikosea nini. Hamjanikosea chochote. Ngoja nieleze.

Kwanza nikiri, vingine ni macho yangu. Mi niliondoka pale nina miaka 12, mfupi, kila kitu kikubwa kuliko mimi. Lile jiwe nililokwambia lilikuwa kama nyumba nimeliona, linanifika kiunoni. Halijapungua, ni mimi nimekua. Afu tulifika maji yamejaa na mwezi ni mpevu, bamvua hiyo, bahari inapanda juu kuliko siku zingine, kwa hiyo hata enzi zile tungekuta mchanga kidogo. Nikawa najituliza moyoni, ni maji tu haya, yatakupwa.

Lakini ule mti. Kile kisiki alichokuwa anakipanda mwanao, maji yanakipiga huku na huku, ndo ule mti wetu. Tulikuwa tunakaa kivulini pale, na kutoka pale mpaka majini zilikuwa mbio za kukata pumzi, mchanga unaunguza nyayo unaruka ruka tu hadi ufike ujitupe. Jiwe naweza kulikumbuka vibaya, ila mti hauhami. Bahari ndo imeufuata.

Kaka yako akasema ni tabianchi. Sawa, imo, kuanzia 1901 hadi 2018 usawa wa bahari duniani umepanda kama sentimita 20, na pwani ikiwa bapa sentimita chache za kwenda juu ni hatua nyingi za kuingia ndani. Ila ule ukuta wa zege mliokaa juu yake kupiga picha nao umo. Wimbi likikuta mchanga ulioinama linapanda, linachoka, linarudi taratibu. Likikuta ukuta halichoki, linagonga linarudi na nguvu zake zote na kuchimba pale pale chini ya ukuta, na ukuta unapoishia ndo balaa, jirani asiye na ukuta ndo analiwa, naye anajenga wake, basi unakuwa ukuta unafuata ukuta. Siwalaumu sana jamani, mtu anaona maji yanaingia uani kwake afanyeje?

Na mchanga nao una kwao, haujiotei tu. Mwingi unaletwa na mito, mwingine ni matumbawe yaliyosagika, kuna samaki anaitwa pono anatafuna matumbawe afu anakunya mchanga, usicheke, ni kweli kabisa. Mto ukizibwa kwa bwawa mchanga unabaki huko juu. Misri walipomaliza Bwawa Kuu la Aswan mwaka 1970 tope la Nile likawa halifiki tena baharini, na pwani ya kule Rosetta, tawi moja la Nile linapoingilia baharini, ikazidi kuliwa.

Ona sasa, naongea ya Misri, ya kwangu nayakwepa.

Mwanangu, nilinyamaza sababu ya malori. Nilipokuwa mdogo yalikuwa yanashuka mpaka ufukweni, vijana na makoleo wanapakia mchanga, na sisi watoto tunashangilia, ikiwa siku nzuri dereva anatupandisha nyuma juu ya mchanga wenyewe. Hakuna aliyeona ubaya, nani angedhani mchanga wa bahari unaisha? Na lori mojawapo, sijui ni mangapi, lilikuja kumwaga kwetu. Babu yako ile nyumba aliijenga kwa mchanga ule. Unakumbuka ukuta wa chumba mlichokuwa mnalala likizo, plasta inavimba inabanduka kila mwaka, unatoka unga mweupe, ukaulamba siku moja ukaja kuniambia mama ukuta una chumvi? Ndo hiyo, chumvi ya baharini, mchanga haukuoshwa, na nondo za ndani huwa zinaliwa hivyo hivyo. (Usiniambie wangechukua wa jangwani, ule upepo umeuviringisha mpaka punje zinateleza, kwenye zege haushikani vizuri.)

Kwa hiyo nimesimama pale nimeshaanza kumtafuta wa kumlaani, nani kaumaliza mchanga wetu, afu nikakumbuka nimelala katikati ya kuta zake utoto wangu wote. Ningesema nini? Na wewe wakati huo huo unaniambia mama kumbe pazuri hivi, mbona ulichelewa kutuleta. Na kweli kwako ni pazuri, ndo pale pale unapopajua. Mwanao nilimsikia analia wakati wa kuondoka, kashikilia kile kisiki hataki kuingia kwenye gari. Nikaona nikifungua mdomo nitawaharibia siku.

Ile picha yake kwenye kisiki usiifute, nitumie. Na mkitaka kwenda tena niambie mapema nije, tutaangalia mwezi vizuri, siku hizo hizo za bamvua maji yakikupwa yanaenda mbali sana, tufike saa hiyo. Nataka kumwonyesha mjukuu wangu mstari wa mwisho wa zile mbio zetu. Avae nguo za kulowa.

Mama