Orodha ya mila haitoshi

Umeuliza kama mhadhara mmoja wenye orodha ya mila za kila jamii unawatosha wanafunzi wa uuguzi. Hautoshi, tena unaweza kudhuru: mwanafunzi anakariri kwamba "watu wa jamii fulani huvumilia maumivu", kesho yake anamnyima mgonjwa dawa bila hata kumuuliza. Wafundishe kuuliza. Arthur Kleinman, daktari na mwanaanthropolojia, alitunga maswali yanayofaa sana hapa: unadhani ugonjwa wako umesababishwa na nini? Unaogopa nini zaidi?

Waigize wawili wawili. Anayeigiza mgonjwa mpe siri moja, tuseme anatumia dawa za mitishamba, na asiitoe mpaka aulizwe kwa heshima. Hapo utaona nani anasikiliza na nani anajaza fomu tu.

Msome pia Irihapeti Ramsden, muuguzi Mmaori wa Nyuzilandi. Kwake, anayeamua kama huduma ilikuwa salama kiutamaduni, yaani haikudharau utamaduni wa anayehudumiwa, ni mgonjwa, si muuguzi. Kwa hiyo kwenye mtihani wa vitendo, aliyeigiza mgonjwa naye atoe alama.